Nafasi Yako Kwenye Benchi la Kambini

Nyumba za nyuma ya kambi,
Mlango wa mwisho.
9 Juni

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Lile goti limepoa, au bado linakusumbua kukiwa na baridi? Mimi mzima, ila nyumba imepoa mno tangu shemeji yako atutoke. Siku hizi naongea na birika, nalo hunijibu likipenda.

Kanisa letu la kambini linafungwa, kaka. Kikosi kimehamishwa, na wakubwa wameamua liwe stoo ya matairi. Matairi! Nililia mbele ya sajini bila aibu.

Mpiga picha wa sokoni alinionyesha postikadi zake za zamani. Katika ya kwanza kanisa ni kibanda cha mbao na mabati, askari wengine wamesimama nje kwa kukosa nafasi. Katika ya pili kuta za mawe zinapanda, na baba yetu yumo, kabeba ndoo ya chokaa, kanuna kama kawaida yake. Ya tatu ni ya ndani. Hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Mabenchi yana mapengo, na katika kila pengo kuna kofia. Mteja mmoja akacheka, eti kanisa lenyewe halikuwa na watu. Weee! Nilimpa vidonge vyake. Atajuaje kwamba askari akipelekwa mbali, watu wake walikuwa wakiacha nafasi yake wazi na kuweka kofia yake hapo mpaka arudi?

Yako niliitunza miaka yote. Wenzako walirudi, kofia zikaondolewa moja moja. Wewe ulistaafu ukabaki hukohuko. Sikulaumu, maisha ndivyo yalivyo. Lakini nimekukumbuka hadi nimechoka.

Kasisi alipokuja kuaga aliniuliza nataka kumbukumbu gani. Nadhani alitegemea niombe msalaba. Nikaomba benchi letu. Askari wanne walilibeba, likagoma mlangoni kwangu, ikabidi mlango ung'olewe. Sasa limejaza sebule nzima. Ningekuwa na wageni, ingewabidi waliruke.

Mama mdogo anakusalimu. Macho yamemwisha, lakini kila nikienda anakuulizia. Nisalimie wifi, na wanangu waambie shangazi yao bado yupo na mdomo wake ni uleule. Mungu akulinde, na lile goti alipe nguvu ya safari.

Nakuandikia nikiwa nimekaa pembeni mwa benchi, kama zamani. Kofia yako iko hapa kando yangu. Nimeifua. Njoo uiondoe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nisiyekusahau,
Chiriku