Diski Niliyoipakata

Shoga, leo nimeumbuka! Nimeumbuka!

Fundi kanituma dukani na diski kuukuu ya breki iwe sampuli. Ina kutu, nikaizungushia taulo, nikaipakata kifuani.

Kuingia tu, sauti nyuma ya foleni: "Jamani, mpisheni mwenye mtoto!" Wakanipisha. Nami nikapita 🙈

Nikaomba diski za breki. Muuzaji ananong'ona asimwamshe "mtoto": "Diski za matundu au za kawaida?"

Nikamwambia, "Za kawaida, gari ni la kwendea kazini tu. Ukubwa huu hapa." Nikafunua taulo.

Shoga, NIKAFUNUA TAULO.

Nageuka, mwenye ile sauti ni wifi yangu! Mwaka mzima hatujaonana. Simu iko sikioni:

"Mama, acha kwanza vigelegele. Mjukuu ni breki."