Idi Hakulia Nilipotoka

Mama,

Shikamoo. Usinikasirikie kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Kila nikitaka kuandika, ama Idi yuko mgongoni ama usingizi umeniwahi. Na mara nyingine, niseme kweli, sikutaka kumwandikia mtu asiyeweza kunijibu. Mchana huu amelala, dagaa wako juani, nimepata nafasi.

Mjukuu wako, yule mume wako, hajambo. Anatembea sasa, anayumba kama bata, na uroho wake wa ugali uko palepale.

Ila kuna jambo. Walikuja zahanati watu wa utafiti, wanaangalia jinsi watoto wadogo wanavyoshikamana na mama zao. Wakatuingiza chumba chenye midoli. Binti mmoja kutoka Dar, Dada Rehema, mpole kweli, akaniambia nitoke, nimwache Idi na mtu asiyemjua, kisha nirudi. Nikatoka. Mama, Idi hakulia. Nilichungulia nikamwona kapanda mapajani kwa yule mgeni, anamvuta hereni. Niliporudi alinitupia jicho tu, akaendelea na hereni.

Siku ya majibu Dada Rehema alisema taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba, kwamba mtoto hajaniegemea vizuri. Nipunguze kumwachia watu wengine. Akae na mimi, anijue mimi. Na jina lake litabaki kwenye kundi la watoto wa kufuatiliwa.

Nilirudi nyumbani Katonga, Idi mgongoni. Wewe umeondoka, mimi nimechoka mpaka namnyonyesha huku nasinzia, halafu naambiwa hivyo. Nikasema kumbe kweli, mwanangu hanitaki. Nikaanza kumzuia ndani. Mama Hamisi wa mlango wa pili akija kumchukua kama kawaida, namwambia amelala. Wakati huo Idi anasikia sauti za wanawake wakianika dagaa ufukweni, pale mwaloni, anapiga mlango kwa viganja, analia. Mama Hamisi akapaza sauti nje: "We Zaina! Mtoto umemnunua dukani? Basi tuletee na risiti!"

Nilicheka, kicheko kikageuka kilio. Wewe ulikuwa ukisema, "Mtoto wa mwaloni hana mgongo mmoja." Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, nikapita kwenye kanga za wanawake wote wa pale, na hakuna siku niliyoacha kukupenda.

Nikamrudia Dada Rehema. Nikamuuliza kipimo kile kilitengenezwa kwa watoto wa wapi. Hakunificha. Akasema ni watoto wa Ulaya na Marekani, wengi wao wa nyumba ambayo mama yuko peke yake na mlango umefungwa. Na wa kwetu? Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Basi jina la mwanangu litoke kwanza. Halafu uje mwaloni utuone."

Alikuja. Siku hiyo wingu likatoka upande wa Kongo bila hodi. Unajua inavyokuwa: kila mtu anakimbilia kuzoa dagaa, watoto wanashikwa na aliye karibu. Aliye karibu alikuwa yeye. Mama Hamisi akamtupia Idi mikononi: "Shika, dada, dagaa hawana subira!" Akabaki ameduwaa, kalamu imeanguka mchangani, Idi anacheka.

Kisha radi ikapiga. Tulikuwa tumeshajibanza bandani. Idi akateleza chini, akaanza kuwapitia wanawake mmoja mmoja. Anavuta kanga, anatazama uso, anaachia. Anakwenda kwa mwingine. Akafika kwangu, akanitazama sana, akasema, "Bibi?"



Alikuwa anakutafuta wewe, Mama. Siku zote hizo. Nilimbeba, akalia shingoni mwangu mpaka akalala. Dada Rehema akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi ndiye nani?" Nikamweleza ulivyomlea, na kwamba tumekuzika. "Mbona hukuniambia?" Nikamjibu, "Uliniuliza habari za mama na baba. Bibi hukumuulizia."

Jina limetolewa. Amesema atawaeleza wakubwa zake. Kama watasikia, sijui. Mimi Idi simfungii tena.

Basi pumzika, Mama, Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuahidi Idi atakua kwenye migongo ya watu, na siku akijua kuuliza, nitamwambia siku ile ya radi alikuwa akimtafuta nani.

Sijui huko mnatuma vitu kwa njia gani. Tuma hata kwa ndoto. Nahitaji ule wimbo wako wa kumbembelezea, "hora, hora", maana nimeshika nusu tu, na Idi husinzia kwenye nusu nisiyoijua. Nahitaji kujua ulivyokuwa ukimfunga mgongoni, mguu wake usife ganzi. Na harufu yako, kidogo tu, kwa sababu ile kanga niliyoibakiza nimeshaifua.