Jirani Anataka Nimpeleke Kikaoni Akapinge Makaburi Yetu

Mama Zakiyyah, salaam alaykum, naomba unisaidie na unijibu upesi maana kikao cha madiwani ni Jumanne ijayo na mimi hapa sijui hata nianzie wapi. Mimi ni Mbosnia, niite Munevera ingawa si jina langu, nina miaka arobaini na minane, naishi mji mdogo huku Missouri na mume wangu Refik na mama yake, Vahida, watoto wetu wameshakwenda kujitegemea, na nyumba ya pili anaishi mjane mmoja wa hapa hapa, Mkristo asiyekosa kanisani, nitamwita Darlene. Huyu Darlene simhesabu kama jirani tu, Mama Zakiyyah, kwa sababu tulipohamia hapa Kiingereza changu kilikuwa asante na samahani, na ni yeye aliyenipeleka kuandikisha watoto shule, ni yeye aliyekaa nao nilipokuwa zamu ya jioni kiwanda cha kuku, na siku binti yangu alipovunjika mkono ni yeye aliyemkimbiza hospitali akawaambia manesi kwamba yeye ndiye bibi yake. Sasa macho yake yameharibika, haendeshi tena, kwa hiyo mimi ndiye dereva wake, kwa daktari, dukani, saluni, na mvua ikinyesha hata kanisani nampeleka.

Jumuiya yetu ya Waislamu imenunua shamba nje ya mji ili iweke makaburi, kwa sababu hatuna pa kuzikana. Baba mkwe wangu Hamdija alipofariki tulimzika St. Louis, na ni mbali, na mama mkwe kwa magoti yake hawezi kukaa garini muda wote huo, basi kila Idi anauliza ni nani aliyekwenda kumwombea mumewe, na sisi tunamwambia hakuna. Lakini ombi la kibali lilipotangazwa mji uliwaka moto. Kwenye redio ya asubuhi watu wanapiga simu wanasema Waislamu wakizika mahali wanapahesabu pao milele, kesho watataka na mahakama yao, na fundi mmoja alimuuliza Refik kazini, tena akicheka, "Kwani nyinyi mkifa hamrudishwi kwenu?" Refik naye akacheka, ila alipofika nyumbani hakugusa chakula. Halafu vikaja vibao, vile vya kuchomeka kwenye nyasi mbele ya nyumba, vimeandikwa MAJI YETU, MJI WETU, HAPANA MAKABURI YA WAISLAMU, na asubuhi moja natoka kwenda kazini nikakiona kimoja mbele ya nyumba ya Darlene.

Jioni yake akaja kunywa kahawa kama kawaida, akakaa kwenye kiti chake, akala pita ya viazi, pai yetu ya Kibosnia, vipande viwili. Nikamuuliza, "Darlene, kile kibao?"

"Ah, kile! Wameleta watu wa kanisani. Usijali, mwanangu, hakikuhusu wewe."

"Darlene, mimi ni Mwislamu."

"Najua. Lakini nyinyi si kama wale."

"Wale gani?"

"Wale wa kwenye televisheni. Wewe unanijua, mimi sina ubaya na mtu. Ni maji tu ya visima, yasije yakachafuliwa na makaburi. Na hatujui ni nani watakaokuja nyuma yenu."

Kisha akajifuta mdomo, Mama Zakiyyah, wallahi simsingizii, akasema, "Jumanne nitahitaji gari, mwanangu. Nimeandikisha jina nami niseme kikaoni. Saa kumi na mbili na nusu, usinicheleweshe."

Na mimi nikamjibu sawa! Neno limenitoka kwa mazoea kabla sijafikiri. Nilipomwambia Refik alipiga meza, akasema, "Mwache atembee! Hao waliomletea kibao hawana magari?" Mama mkwe yeye alikuwa anakunja nguo, akasema, "Mpeleke. Na mimi nakwenda," na mpaka sasa sijui kama alikuwa anatania. Lazima ujue kwamba mama mkwe alifiwa na mwanawe mkubwa vitani, kaka yake Refik, akakaa miaka na miaka bila kujua mwili uko wapi, mpaka mifupa ikapatikana na kutambuliwa ndipo akaizika kwa mikono yake, kwa hiyo kaburi kwake si jambo la watu kukaa ukumbini wakapigia kura. Darlene hayajui haya. Hakuwahi kuuliza tulikimbia nini, na mimi sikuwahi kumwambia.

Imamu wetu ananiomba niseme kikaoni kwa vile nimeishi hapa muda mrefu kuliko wengi wetu, lakini sijawahi kusimama mbele ya watu na lafudhi yangu inachekwa hata benki. Nikikataa kumpeleka nampoteza mtu aliyenilelea watoto, na nikimpeleka najiona kama namsaidia mtu kubeba mawe ya kunipigia mimi mwenyewe. Nifanye nini?

Munevera, Missouri

MAMA ZAKIYYAH ANAJIBU

Wa alaykum salaam, Munevera. Nimekuonea huruma, na nimekasirika pia, na hasira yenyewe si ya Darlene peke yake. Subiri, zamu yako inakuja.

Darlene anakupenda. Siwezi kukubishia, mtu hamdanganyi nesi kwamba yeye ni bibi wa mtoto asiyempenda. Lakini kumpenda Mwislamu mmoja jikoni na kuwakataa wengine wote ukumbini ni kitu ninachokiona kila siku nchi hii. Mimi ni mtu mweusi wa Memphis, shangazi zangu wote ni Wabatisti, na nimevaa mtandio tangu msichana. Hilo neno "wewe si kama wale" nimelisikia kwa rangi yangu na nimelisikia kwa dini yangu. Ni sifa yenye sharti. Leo umo, kesho ukiudhi umetolewa, na anayeamua ni yeye.

Sasa wewe. Kahawa ya miaka yote hiyo, na huyu mwanamke hajui kwamba mama mkwe wako alimzika mwanawe mifupa? Pita unampa, gari unampa, saluni unampeleka, habari zako umezificha kabatini. Hakuuliza, ndiyo, na hiyo ni aibu yake. Lakini wewe una mdomo, na kwa urefu wa barua yako naona unafanya kazi vizuri.

Mpeleke. Ulimwambia sawa, macho yake hayaoni, na haki ya kusema kikaoni ni yake kama ilivyo yako. Ila usingoje Jumanne. Nenda wewe nyumbani kwake, ukae kwenye kiti chake, na usibebe chakula. Mwambie, "Nitakupeleka, na nikifika nami nitasema, upande wa pili. Hao wale unaowaogopa ni mimi." Halafu msimulie habari za shemeji yako, umtaje jina, kisha nyamaza. Akilia usimbembeleze. Akikasirika usimwombe radhi. Kibao usimwombe akiondoe. Nyasi ni zake, na kikiondoka kwa kukuonea haya hakijaondoka.

Habari ya maji msiipuuze, kwa sababu wengine wanaiogopa kweli na wengine wanajifichia humo. Jumuiya ilete mtaalamu wa udongo aeleze mbele ya watu. Kama kanisa la Darlene lina makaburi, na nitashangaa kama halina, mtu aulize kwa adabu maji ya hapo yakoje. Na wakili awepo. Sheria ya nchi hii haimpi diwani ruhusa ya kuwachagua maiti kwa dini zao. Hamwendi kuomba fadhila, kwa hiyo msikae kama waombaji.

Mama mkwe akitaka kwenda, aende, na akae mbele. Refik avae shati safi, akae karibu nawe na asifoke. Lafudhi yako iache ilivyo. Sema jina lako, sema unafanya kazi wapi, sema Hamdija amelala wapi na kwa nini mkewe hawezi kufika. Ukimaliza, keti. Umesikia? Sasa simama, uvae viatu, uende kwa jirani yako.

BAADA YA KIKAO

Jibu hilo nilimsomea Munevera kwa simu, kwa sababu gazeti lingechelewa. Haya aliniandikia baadaye, naye ameniruhusu niyachape.

Mama Zakiyyah, nilikwenda Jumapili alipotoka kanisani, nikamwambia kama ulivyosema. Darlene hakulia wala hakukasirika. Aliuliza tu, "Alikuwa anaitwa nani?" Nikasema Mirsad. Akalirudia, akakosea, nikamsahihisha, akalirudia tena mpaka akalipata, kisha akainuka akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi tayari. Nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Jumanne nilimkuta mlangoni kwake amevaa koti. Mama mkwe alikuwa ameshakaa garini, kiti cha mbele, na ushungi wake mweupe, akageuka kwa shida akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Leo wewe adui. Funga mkanda." Darlene akafunga. Refik alitangulia na gari la kazini, maana alisema hawezi kuaminiwa na safari hiyo.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Darlene aliitwa kabla yangu, na Mama Zakiyyah, alipinga. Alisema ana kisima, ana hofu na kisima chake, na haoni kwa nini haraka hii yote. Nilikuwa nimetumaini, sikufichi, na iliniuma. Kisha wakaita jina langu. Nilipofungua mdomo tu na hiyo lafudhi, mtu nyuma akapiga kelele, "Rudini kwenu!" na wengine wakacheka. Darlene alikuwa hajafika kitini. Akageuka na yale macho yake yasiyoona vizuri, akatazama kule sauti ilikotoka, akasema, "Dale Pruitt, sauti yako naijua. Kaa chini. Jirani yangu anaongea." Na mimi nikasema yote.

Kibali kimepita, madiwani watatu kwa wawili, kwa sharti la kupima visima kila mwaka, na jumuiya imekubali. Watu wawili walitutolea maneno machafu kwenye maegesho. Mtu mwingine alikuja kumshika mkono mama mkwe.

Tukarudi mpaka karibu na nyumbani. Kisha Darlene akasema kutoka nyuma, "Bado naona mmekosea kuhusu maji."

"Najua, Darlene."

"Nanyi mtazikwa pale? Wewe na Refik?"

"Inshallah. Si mwezi huu."

Mama mkwe, ambaye nilidhani amelala, akainua kidole bila kugeuka. "Mimi kwanza," akasema. "Msisukumane."

Darlene alicheka mpaka akakohoa, na mimi ikabidi nisimamishe gari kando ya barabara kwa sababu machozi yalinizuia kuona mbele, na sijui hata sasa kama yalikuwa ya kicheko.

Hapo ndipo Munevera alipoishia. Na nyinyi mnaoniandikia kila wiki mkiuliza mjibu nini mkiambiwa hamko kama wale: jibu mmelisoma, hao wale ni sisi. Lisemeni mapema, mezani, kahawa ikiwa bado ya moto, kabla vibao havijachomekwa.