Yaliyosemwa Mbele ya Mpatanishi

Kwa Jemutai mwanangu,

Salamu nyingi. Wadogo zako hawajambo, Cheruto na Kipyegon, nyanya anakohoa kidogo tu, na ng'ombe wako amezaa. Mimi moyo unaruka! Leo kule mahakamani Nakuru, kesi ya shamba na Kiptum, ndugu wa marehemu baba yako, imeisha. Mpaka umerudi pale pa zamani!

Mbele ya mpatanishi tuliyepewa na mahakama, Kiptum alisema jambo, tukalia wote wawili. Lakini tulitia sahihi kwamba ya mle chumbani hayatoki, hata hakimu hataambiwa. Nilikuwa nimekuandikia yote, nikashtuka, nikaitia hiyo barua kwa jiko. Ndiyo imechemsha chai aliyokunywa Kiptum hapa kwetu jioni hii.

Najua hujamsalimia tangu kesi ianze. Usiniulize alisema nini. Mpigie simu, halafu unijibu haraka, sitalala.

Mama yako