Majibu ya Wanawake wa Vichanjani

Ujiji

Mwanangu Shadia,

Assalaam aleikum. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu tu wazima, na goti la mama yako mkubwa limepona.

Nimesikia kwamba mwezi ujao utausoma mbele ya maprofesa utafiti wako kuhusu kuridhika kazini, ule ambao kwa ajili yake uliwahoji wanawake wanaoanika dagaa kwenye vichanja vyangu. Nakuomba usiusome. Siku ile niliketi kando yako, nikidhani hiyo ndiyo heshima ya mwenyeji, nao wote wakajibu kwamba wameridhika.

Ulipoondoka nilimsifu Agnesi, mmoja wao, kwa majibu yale. Akacheka. "Mzee, wewe ndiye tajiri wetu, na ulikuwa umekaa hapo hapo. Ulitaka tuseme nini? Ijumaa unatuachia dagaa, unakwenda kuswali. Mimi mwaka wa tisa huu sijasali kanisani Jumapili."

Nami, mwanangu, nimesomeshwa dini tangu utoto.

Rudi uwaulize upya. Mimi nitabaki nyumbani. Njoo siku yoyote isipokuwa Jumapili, kwani siku hiyo hutamkuta mtu vichanjani.

Akuombeaye kila swala,
Baba yako mkubwa, Yasini