Roboti Imechukua Kazi ya Baba

Kalunde,

Muthokoi iko kwa sufuria. Mbuzi wapate maji.

Asubuhi Ndolo, yule anafanya kazi na baba yako Nairobi, alipita hapa. Kiwandani wameleta roboti, mkono wa chuma unaoinua na kupanga kreti wenyewe bila mtu. Baba yako aliachishwa kazi mwezi jana, lakini kila siku anavaa ovaroli na kwenda kusimama getini.

"Anaona aibu kurudi nyumbani Emali," Ndolo akasema.

Nililia, kisha nikakasirika. Mbona hakuniambia mimi?

~~Usimwambie nyanya yako.~~ Mwambie, ni mtoto wake.

Naenda Nairobi kumleta baba yako. Tukifika, usimuulize habari ya kazi. Mpe maji ya kuoga, umsalimie kama kawaida.

Mama