Farasi wa Vifuu

Breslau, 3 Desemba 1933

Mpwa wangu Arno,

Usivimbe kichwa, lakini opereta yako, ule mchezo wako wa nyimbo, ilirushwa redioni Jumapili iliyopita. Jina lako halikutajwa; tangu uikimbie serikali hii mpya, ukilitamka pale kituoni, watu hutazama viatu vyao. Milio yote ilikuwa kazi yangu, kama kawaida: mvua niliinyesha mimi kwa njegere kavu, na lile busu refu nililipiga kwenye kiganja changu. Mama yako alilisikia nyumbani akalia, maskini, kumbe analilia kiganja chenye harufu ya kitunguu.

Sasa, ile barua yake ya kukuita nyumbani Krismasi. Mwandiko ni wake. Lakini aliiandika huku mabwana wawili wamekaa na makoti yao mezani petu, wanamwambia, "Ongeza, mama, kwamba unaumwa."

Nilijua huko Amsterdam utatega sikio. Katika opereta uliandika kwamba mwishoni gari la farasi linawarudisha wapenzi nyumbani. Basi nikashika vifuu vyangu vya nazi, vile vya kugonga mlio wa kwato, nikawafanya farasi waondoke, polepole, mpaka wakapotea kabisa.

Mkurugenzi akanivamia. "We mzee, umelewa? Farasi wanakwenda wapi?"

"Hawakuniaga, bwana."

Kazi sina tena. Vifuu nimeondoka navyo.

Barua hii anakuletea jirani yetu Hedwig mkononi, haipiti posta, kwa hiyo naweza kusema wazi. Kama hukuwaelewa farasi, nielewe mimi: usirudi. Hata mama yako angekuandikia hivyo, kama wangemwachia kalamu.

Mjomba wako mkorofi,
Oswin